Dawa Zilikuwa za Musembi

Ndila alipoolewa vilimani juu ya Mitaboni, kazi ya kwanza aliyokabidhiwa ilikuwa kumpelekea baba mkwe chakula. Mzee Nzomo aliishi peke yake katika kibanda kilichokuwa chini ya shamba. Bi harusi aliweka sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, mlangoni, akageuza uso, akaondoka. Ndivyo nthoni inavyotaka, ile heshima ya Wakamba inayomkataza mke wa mwana kumtazama baba mkwe machoni, kumtaja jina au kumwamuru lolote. Lakini tusidanganyane, Ndila aligeuza uso kwa hofu pia. Mzee aligombana tangu alfajiri na watu wasioonekana, na alipozidiwa wanawe walimfunga kwenye nguzo kwa kamba ya katani asije akapotelea mtoni.

Kwa Wakamba mtoto wa kwanza wa kiume hatafutiwi jina, kwa sababu jina linamngoja. Huitwa jina la babu mzaa baba, na wazee husema babu amerudi. Ndila, ambaye hakuwa amewahi kukataa jambo katika boma lile, alipojifungua mwana alikataa hilo.

"Huyu hataitwa jina la baba yako," alimwambia mumewe Laban. "Huo ugonjwa uishie hapo kwa kibanda."

Laban alikuwa mpole kupita kiasi, akakubali. Mtoto akaitwa Musembi, jina la baba yake Ndila, na ukoo mzima ukanuna. Aliyenuna kuliko wote ni Kitheka, ndugu yake Laban, aliyezaa mabinti watupu na kwa hiyo hakuwa na mwana wa kumpa jina la baba yake. Siku moja akili zilipomtulia, mzee Nzomo mwenyewe alipanda hadi uani, akamwangalia mtoto mgongoni mwa mama yake.

"Huyu ni mimi?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Alisubiri kidogo, akarudi kibandani kwake, na haukupita muda mrefu akafa. Ndila alikuja kuota swali hilo mara nyingi katika maisha yake.

Musembi alikua mtoto mtaratibu, mwepesi wa masomo, akasomea ufundi wa stima. Alipata kazi Syokimau, kule majumba mapya yanakochipuka kila kukicha, akapanga chumba peke yake karibu na stesheni ya treni. Kila alipopiga simu mama yake aliweka jembe chini akazungumza naye kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Mama gani hangeringa?

Halafu mambo yakaandamana. Laban aliugua kifua akafa, na Musembi akafika nyumbani baba yake akiwa ameshafungwa sandani. Bosi wake, mtu aitwaye Mike, akasimamisha ujenzi na kuwaachisha mafundi. Msichana aliyetaka kumwoa akaacha kupokea simu zake. Akabaki na kile chumba na bangi ya vijana wa pale mtaani, na usingizi ukamkimbia. Siku moja akapiga simu.

"Mwaitu," alimwita mama kwa Kikamba, "wananitangaza kwa stesheni."

"Nani, mwanangu?"

"Wale wa spika. Kila treni ikiingia wanaambia watu vile niliacha baba akakufa."

Mlinzi mmoja wa stesheni, mwenye utu, alimleta nyumbani, miguu mitupu, ndevu zimemjaa. Wanawake sokoni Mitaboni walikatiza mazungumzo kila Ndila alipotua kikapu chake. Watoto waliokuwa wakimwita Musembi fundi sasa walimrushia mawe na kukimbia, wakicheka. Mtu aliyekuwa tayari akisikia sauti zinamtukana, majirani wakaongeza zao.

Ndila alimpeleka kliniki Machakos mjini, akakutana na muuguzi mmoja, Sista Swabra, ambaye hakuwa na haraka naye.

"Nani alimfanyia hivi?" Ndila aliuliza, maana ndilo swali alilotumwa na ukoo.

"Mama, hakuna mtu amemfanyia. Sufuria haikai kwa figa moja. Figa ya kwanza ni damu. Kwenu kuna mtu amewahi kuwa hivi?"

"Baba ya mzee wangu," Ndila alisema, akitazama sakafu.

"Sawa. Basi huyu kijana alizaliwa akiwa karibu na huu ugonjwa, lakini wengi wanazaliwa hivyo na hawaugui. Figa ya pili ni roho yake. Amefiwa, anajilaumu, halali. Ya tatu ni maisha na watu. Kazi imeisha, anakaa peke yake, anavuta bangi, anachekwa. Zikakutana zote. Hizi dawa asiache, hata ukiona amepona kabisa. Na mkae naye, msimtenge."

Na dawa zikafanya kazi! Kila jioni Ndila alisimama mbele ya mwanawe, vidonge kiganjani, akimwamuru kama mtoto mdogo: "Fungua mdomo nione." Musembi alicheka, akafungua. Wale wa stesheni, alisema, sasa walikuwa kama redio ya jirani, unaisikia lakini si lazima uisikilize. Akarekebisha matuta ya shamba yaliyobomoka tangu baba yake afe. Akapanda ndengu, na akaanza hata kulalamika kwamba chumvi imezidi. Ndila aliyapokea malalamiko hayo kwa furaha isiyo kifani.

Furaha ilimlegeza ulimi. Kitheka alipopita kusalimia, Ndila alimweleza aliyoyasema Sista, kwamba ugonjwa ulianzia kwa mzee. Aliyataja na mafiga mengine mawili, lakini Kitheka hakuyasikia. Kitheka huyu alikuwa mzee wa kanisa siku ya Jumapili, na siku zilizobaki mzee wa ukoo. Alijipiga paja.

"Umesikia! Hata hospitali inajua ni mzee. Anadai jina yake."

"Alisema ni damu, Kitheka."

"Damu ya nani? Wewe ndio ulimfungia mlango akiwa hai. Sasa ameingia kwa dirisha."

Ndila angeweza kubisha. Lakini shtaka hilo alikuwa akilingoja tangu siku mzee alipouliza swali lake uani. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na hapa mjukuu alikuwa na sura, alikuwa ameketi kivulini akinoa jembe. Naye Musembi alipoulizwa kama yuko tayari kuitwa jina la babu yake, hakupinga. Alikuwa amechoka kuwa mgonjwa.

"Kama kuna jina yenye si ya mgonjwa," alisema, "nipeeni."

Mbuzi akachinjwa. Wazee wakanywa kaluvu, pombe yao ya kienyeji, wakamtemea kijana kifuani kwa baraka, wakamwita Nzomo, na wanawake wakapiga vigelegele. Ilikuwa sherehe nzuri, haki ya Mungu. Watu waliomkimbia mwaka mzima walimshika mkono. Jioni ilipofika Ndila akachukua vidonge rafuni, akasimama mbele yake kama kawaida, akafungua kiganja.

"Hizo dawa ni za Musembi," kijana alisema kwa upole.

"Ndila," Kitheka aliita kutoka kitini, "utaamuru baba ya bwana yako afungue mdomo?"

Watu wakacheka, kicheko cha wema tu, cha watu walioshiba. Ndila akainamisha kichwa. Alivirudisha vidonge rafuni.

Mwanzoni kila mtu alimwona Kitheka ana hekima. Kijana aliamka mapema akiimba. Kisha akawa haamki kwa sababu halali. Kisha stesheni ikamfuata vilimani, spika zake zote, na akaanza kuzijibu. Akahamia kwenye kibanda cha chini, ambacho paa lake lilikuwa limeshaliwa na mchwa. Ndila alijaribu kusaga vidonge ndani ya uji, lakini kijana alionja mara moja, akajua, na tangu hapo akanusa kila kitu. Sista alipopigiwa simu alisema aletwe haraka. Ndila alizunguka akiomba wanaume wa kumbeba. Waliokula mbuzi hawakuonekana. Kitheka ndiye aliyekuja, na kamba ya katani, akisema ni kwa usalama wa kijana. Alimfunga bila kumtazama shemeji yake.

Basi Ndila akaamua kuivunja nthoni. Kama ni laana imshukie yeye. Alipika muthokoi, akachukua vidonge, akashuka kibandani mchana kweupe, wapita njia wakimwona. Akachuchumaa mbele ya mwanawe, akamkazia macho, akamtaja.

"Musembi. Ni mimi mwaitu. Fungua mdomo, mwanangu."

Kijana aliacha kubishana na wale wa stesheni. Alimtazama mama yake, na usoni mwake mkawa na huruma, huruma ya kweli, ile aliyokuwa nayo tangu utotoni. Akashusha sauti, wengine wasisikie.

"Musembi si mlimwondoa? Alienda ile siku ya mbuzi. Nilimwona akishuka kwa mto, akilia, akiangalia nyuma kama kuna mtu atamwita."

Ndila alimsogezea kiganja chenye vidonge.

"Weka chakula, mke wa mwanangu," kijana alisema. "Uende, si vizuri uonekane hapa."

Ndila aliweka sahani mlangoni, akageuza uso.