Sala Isiyofika Amina

Mnisamehe makosa na mwandiko wangu mbaya. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu huenda polepole.

Kwetu, Likasi, siku huanza kwa sala. Tunapiga magoti kuzunguka jiko la makaa, mmoja wetu anaomba kwa zamu, na hakuna anayevuka mlango kabla ya Amina.

Jumanne zamu ilikuwa yangu. Mimi huona haya hata mbele ya ndugu zangu, kwa hiyo maneno yalinitoka moja moja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kaka yangu mkubwa, anayechimba shaba Kamatanda, alisikia pikipiki ya wenzake nje.

"Petit, weye unaomba polepole sawa vile unaandika," alininong'oneza mimi, mdogo wake. "Mungu iko na siku muzima, miye hapana."

"Ngojea Amina, papa," mama alimwambia. Ndivyo anavyotuita sisi wanawe wote.

Kaka alicheka, akachukua tochi, akatoka. Mama akanigusa bega ninyamaze. "Tutafunga sala akirudi."

Leo ni Ijumaa na hajarudi. Wenzake wanasema shimo limejaa maji, kisha wanatazama pembeni. Kila asubuhi mama ananiambia niendelee nilipokomea, ila nisimalize. Jana baba alianza kusema Amina, na mama akamziba mdomo kwa kiganja.

Kesho mama atanitazama tena. Ninyi mnaosali asubuhi, niandikieni, hata mistari miwili tu: kwenu, sala iliyoachwa wazi hivi hufungwa na nani?