Sahani Niliyomtengea Mjomba Rajabu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila niikumbukapo uso hunishuka hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa afisa mdogo wa afya hapa Kampala, wale ambao watu huwaita Bwana Afya. Nilikagua mahoteli ya Kisenyi, nikaandika ripoti zisizo na doa, nikaamini kwamba ajuaye kanuni amekwisha kuwajua watu.

Nyumbani kwetu Kibuli kulikuwa na akika ya mtoto wa dada yangu. Nilipoingia, wazee walinipokea kwa utani: "Bwana Afya huyo! Ficheni masufuria!"

Aliyecheka kuliko wote ni Mjomba Rajabu, kaka yake mama, fundi wa magari. Alicheka huku amefunika kinywa kwa kiganja. Ndani ya shavu lake mlikuwa na kidonda kilichokataa kupona tangu mvua zilizopita, na chini ya taya uvimbe mgumu. Alikuwa mtafunaji wa tumbaku wa miaka mingi, lakini lawama zote alilitupia jino bovu.

Sinia la pilau likaletwa, wanaume wakanawa. Mjomba alipopeleka mkono, nilimzuia mbele ya watu.

"Mjomba, wewe nimekutengea sahani yako."

"Kwani mimi mgeni hapa?"

"Ni kidonda hicho. Kanuni ni kanuni."

Akaniuliza polepole, "Kinaambukiza, mwanangu?"

Sikujua. Sikuwa nimelisoma jambo hilo popote. Nikajibu, "Ndiyo," kwa sauti ileile niliyoitumia kufungia mahoteli.

Aliichukua sahani, akala ameutazama ukuta. Wageni walipoondoka, mama alisimama mbele yangu akasema, "Leo umemwosha ndugu yangu kama maiti, naye angali anapumua."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tangu siku hiyo Mjomba alijifunga kitambaa usoni, akahamia chumba cha nyuma ya gereji. Mama alimsihi aende hospitali. Alikataa, akisema hataki kuwaambukiza wagonjwa wa watu wodini. Miezi mitano ikapita. Alipokubali, kinywa hakikuweza tena kupitisha kijiko.

Daktari alikata kipande cha nyama kikapimwa. Ilikuwa saratani ya kinywa. Mjomba alipomweleza kwamba alichelewa kwa kuogopa kuwaambukiza watu, daktari akauliza kwa hasira, "Nani alimwambia mzee huyu kwamba saratani inaambukiza? Angekuja mapema, tungekata padogo."

Mjomba aligeukia dirishani. Hakunitaja. Nami, niliyejisifu kwamba sijapata kuandika uongo katika ripoti, nikajibu, "Watu wa mtaani, daktari."

Walimwondoa sehemu ya taya na ya ulimi. Nilimnywesha uji, nikamwomba radhi. Alinishika mkono, sauti hakuwa nayo tena. Alifariki kabla ya mfungo, na hadi leo sijui kama mkono ule ulinisamehe au uliniaga tu.

Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakumtaja amfichishaye mwenzake. Mimi namtaja: ni mimi.

Juzi niliwasikia vijana wakimzomea mama mmoja mwenye uvimbe chini ya sikio: "Matubwitubwi uzeeni!" Nilighadhibika, kisha nikaona haya, maana wao walitania tu, mimi nilihukumu nikiwa na cheo. Nikamwambia yule mama kwamba hapo ndipo zilipo tezi za mate, nazo pia huota uvimbe. Mwingine hauna madhara, mwingine ni hatari, na kwa kutazama tu huwezi kuutambua. Amekubali kwenda kupimwa.

Mwanangu, kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili au tatu, baka jeupe au jekundu lisilotoka, uvimbe wa shavu, shingo au chini ya sikio, usingoje mpaka uhisi maumivu. Nenda kwa daktari. Tumbaku iache. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Neno hilo halijamvunjia mtu heshima. Mgonjwa msindikize, usimwonee kinyaa.

Mwenyezi Mungu akujalie afya ya mwili na ulimi wenye huruma, na akuepushe na majuto ambayo mwenye kuyasamehe amekwisha kuzikwa. Amina.