Katekista Aliyeishangilia Nkunga

Tangu Bulyaga ilipopata timu ya mpira, Asajile hakuwahi kukaa upande mwingine wa uwanja. Alikuwa katekista wa kigango, mwenye sauti nzito, na mashabiki wenzake walimweka mbele ili aanzishe nyimbo. Vijana wengi wa timu hiyo, yeye ndiye aliyewafundisha kipaimara. Mlinda mlango, Ackson, alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Ndiyo maana jambo aliloliona Jumapili moja baada ya ibada lilimuuma. Vijana waliliacha lango la uwanja, wakapenya mmoja mmoja, kinyumenyume, katika tundu lililokatwa kwenye ua wa matete nyuma ya choo. Mganga aliyeletwa na viongozi wapya wa timu alisimama hapo na usinga, akiwanyunyizia maji. Ackson naye akapenya.

Siku hiyo Asajile hakuanzisha wimbo. Jioni alimwita mwanawe.

"Mkesha wa Pasaka padri alipouliza kama unamkataa Shetani na mambo yake yote, ulijibu nini?"

"Nilijibu namkataa."

"Na leo umepita wapi?"

"Tata, ule ni mpira tu. Asiyepita pale hapangwi."

Asajile akawaendea viongozi. Walimpokea kwa heshima, wakamkalisha, wakamsikiliza hadi mwisho. Kisha mwenyekiti akasema, "Katekista, wewe tuombee. Ufundi tuachie sisi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkata. Kumbe walikuwa wameiweka sala yake kapu moja na usinga. Akaazimia kuihama timu. Wala hakutaka kujifungia nyumbani, kwa maana mpira aliupenda, na aliona kwamba anayejificha hajachagua lolote. Akaichagua timu ya Nkunga, ambayo nahodha wake, Bushiri, mfanyabiashara wa ndizi, alijulikana kwa kuwafukuza waganga.

Mkewe, Elina, alistaajabu. "Baba Ackson, Bulyaga wamejaa watoto wetu wa kipaimara. Kule Nkunga ni Wamoraviani watupu, na nahodha wao Mwislamu. Mkatoliki unafuata nini huko?"

"Nafuata wanaopita langoni."

"Na mwanao akiwa golini upande wa pili?"

"Atakuwa mwanangu aliye golini upande wa pili," akasema Asajile.

Siku Nkunga walipokuja Bulyaga, ilimpasa kupita mbele ya mashabiki wenzake wa zamani ili afike walikokusanyika wageni nje ya lango. Walimwona.

"Katekista amehamia kwa Wamoraviani."

"Mwacheni, huenda wamemwahidi uaskofu."

"Hata Yuda alikuwa na kiti mezani."

Hilo la Yuda lilimchoma, lakini hakupunguza mwendo. Bushiri akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee wangu. Ila nikwambie mapema, sisi hufungwa."

"Nimesikia."

"Na kabla ya mchezo kila mtu humwomba Mungu kwa dini yake."

"Nami nitafanya ishara ya msalaba."

"Ifanye kubwa, basi. Beki wetu wa kushoto anaihitaji."

Wakaingia kwa lango, na Asajile akaanzisha wimbo. Mwanzoni aliimba peke yake. Ubeti wa pili wageni wakamwitikia, kila mmoja kwa sauti yake. Nkunga walifungwa bao moja, kisha wakapata penalti. Ackson akaruka kuume akaidaka. Mikono ya Asajile ilinyanyuka ili kupiga makofi. Akaikunja, akaibana kwapani, akaendelea kuimba. Bulyaga wakafunga bao la pili mchezo ukielekea ukingoni.

Ackson akavuka uwanja hadi alipokuwa baba yake, glavu zimejaa matope.

"Tumewafunga, tata."

"Mmetufunga. Na penalti ile uliidaka vizuri sana."

Ackson akatazama chini. "Ukirudi kwetu watakupa kiti chako."

"Siku mtakayopita langoni, nitakuja kuwaimbia. Jumapili ijayo sisi Nkunga tunacheza na Masoko."

Kijana akavua glavu taratibu, moja baada ya nyingine. Nyuma yake wenzake walikuwa wakimwita wakashangilie.

"Masoko wana mshambuliaji mrefu," akasema. "Mwambie Bushiri wasimwache apige kichwa."

Asajile akageuka, akaenda kumtafuta Bushiri.