Kichaka cha Bondeni

Jumamosi ya pili ya Machi nilikuwa nimepiga magoti katika shamba la shangazi yangu, huko Kasugho, nikigeuza jani refu la kichaka huku wanakijiji wakingoja neno langu, mimi mwalimu wa biolojia. Kwetu mpaka wa shamba ni mstari wa vichaka vya aina hiyo, na anayeking'oa kimoja ameanzisha ugomvi wa ukoo mzima. Jirani alidai kwamba hicho, kilichosimama peke yake chini bondeni, kilipandwa na babu yake kuwa alama ya mpaka. Ikiwa ni kweli, shangazi, mjane asiye na ardhi nyingine, angepoteza nusu ya shamba.

Jirani alikuwa na panga. Hakuliinua, lakini wala hakuliweka chini.

"Madame wa biolojia, jani linakuogopesha? Sema tu: ni ya mupaka ao hapana?" akaniuliza.

"Muache aangalie," shangazi akamjibu. "Weye ulisoma masomo gani, ya kuharakisha batu?"

Watu wakacheka kidogo.

Nililinganisha jani na yale ya mstari wa juu. "Ni aina ileile," nilisema. Shefu wa kijiji akaandika. Uamuzi angeusoma baada ya Pasaka. Shangazi alijifunga kitenge chake upya na kuondoka.

Niliteremka kijitoni kunawa mikono, na huko ndiko nilikoona kosa langu. Chini ya miti, kwenye udongo mweusi wenye maji, vilijaa vichaka vingine vya aina ileile, vidogo kwa vikubwa, bila mstari wowote, vimeota kwa mbegu zilizodondoka. Vya mpakani hupandwa kwa vipande vya shina, na alama ya panga hubaki. Nilirudi mbio kwenye kile cha bondeni: shina lake halikuwa na alama. Shefu alikuwa amekwisha kuondoka kwa pikipiki.

Nilirudi Butembo, ninakofundisha, na kwa wiki tatu aibu ya mwalimu ilinifunga mdomo. Kisha shangazi akanitumia maharagwe, kama kila msimu, bila lawama yoyote. Siku hiyohiyo niliandika:

"Mheshimiwa Shefu, nilichokuambia kilikuwa nusu ya ukweli. Kichaka ni cha aina ya mipaka, lakini hakuna aliyekipanda. Kimejiotea mahali pake pa asili, karibu na maji, pamoja na wenzake. Nilitazama jani, sikutazama lilikoota. Nakuomba usisome uamuzi kabla hatujashuka pamoja kijitoni. Kosa ni langu, si la shangazi, nami nitalikiri mbele ya watu walewale."