Chupa Namba Saba Niliyoitia Chumvi ya Mchuzi

Mwaka 1958, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba yangu aliangukiwa na magunia bandarini Mahajanga akafa, na shule yangu ikafia hapo hapo, darasa la nne, nikaanza kubeba mizigo na baadaye kufunga kamba za meli, na kila nilichokipata tangu siku ile nimekipata kwa mikono hii. Nayasema haya mapema ili mjue anayeongea ni nani, kwa sababu yanayofuata ni aibu tupu, na mtu mwenye majivuno kama mimi akiaibika, huaibika mpaka kwenye kucha.

Uhuru ulikuwa na miaka michache tu walipofungua kule kisiwani Nosy Be kozi ya mwanzo ya elimu ya bahari, wiki sita, kwa vijana wa chuo, na kwa kuwa vijana wenyewe walikuwa hawajui hata kufunga fundo, wakachukua na mabaharia wawili, mimi mmojawapo, tukae nao darasani. Tuliambiwa baharia atakayepata cheti ataajiriwa moja kwa moja kwenye chombo cha utafiti. Mama yangu kule mtaani kwetu Mangarivotra alikwisha kuwatangazia majirani. (Alisema nasomea udaktari wa bahari. Sikumkanusha.)

Jamani, niliipenda kozi ile. Mwalimu, Mfaransa mrefu mwenye shingo nyekundu, alitufundisha kwamba ndani ya bahari mna mito isiyo na kingo, na kwamba maji ya chini na ya juu yanaweza kuwa wageni wasiojuana kabisa, na mimi niliyekulia juu ya maji hayo nikawa kama mtu aliyeambiwa kwamba chini ya nyumba yake kuna nyumba nyingine. Nilikuwa wa kwanza kufika, wa kwanza kuuliza. Mwenzangu wa kazi alikuwa Soa, binti wa Kisakalava kutoka chuoni: mimi nachota, yeye anaandika kina daftarini na kutia sahihi.

Siku yenyewe tulikuwa nje ya kisiwa kidogo cha Nosy Sakatia. Maji yalichotwa kwa bomba la shaba lenye vifuniko viwili: unalishusha kwa waya, kisha unaachia kipande cha chuma kiteremke kwenye waya mpaka kiligonge, vifuniko vinajifunga na maji ya kina kile tu ndiyo yanayopanda, nawe unayamimina chupani. Nikajaza chupa saba, ya saba ikiwa ya chini kabisa. Tukageuza kurudi. Laasiri ikawa inanipita, nami sina udhu, ndoo pekee ya chomboni imejaa tope la sakafu ya bahari (nalo lilikuwa la masomo), ubavu wa chombo uko juu, na maji ya kunywa nahodha amekataza yasiguswe. Nikaitazama chupa namba saba. Maji safi, baridi, tohara. Nikajisemea, bahari si moja? Nitachota mengine gatini.

Nikatawadha, nikasali vizuri sana.

Kufika gatini, maji yamekupwa, tope tupu mpaka mbali, na Mwalimu anaita, "Chupa, chupa." Basi nikakimbilia bomba la maji ya kunywa la gatini, nikajaza, nikapita jikoni kwa mpishi wetu nikachota chumvi kwenye mkebe wake, nikatia, nikatikisa, nikaonja. Ilikuwa kali kidogo kupita mchuzi wa pweza. Nikaridhika, kwa maana ulimi wangu niliuamini kuliko daftari la mtu yeyote.

Sasa, Mwalimu alikuwa akipima chumvi kwa dawa ya matone: maji yanakuwa meupe kama tui, anaendelea kudondosha mpaka yanageuka mekundu, na chumvi ikiwa nyingi, dawa huenda nyingi. Chupa sita zikanywa dawa sawasawa. Ya saba ikageuka nyekundu mara moja. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akanikumbatia, mimi, akasema nimechota juu ya chemchemi, maji matamu yanachipuka chini ya bahari. Darasa zima likaruka. Nami (hapa ndipo mnicheke) nilifurahi nao kwa moyo wote, nikasahau kabisa ule mkebe.

Habari ilitembea haraka kuliko sisi. Kesho yake akaja ofisa wa wilaya, akaja fundi, yaani mwalimu wetu wa msikitini, na bibi mmoja wa Sakatia akapanda chomboni na mtungi mtupu. Tukarudi pale pale, tukashusha bomba mara ya kwanza: dawa ikaenda yote, chumvi tele. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu Mwalimu hakunitazama mimi, alimtazama Soa.

"Daftari hili umeandika wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na sahihi ni yako?"

"Yangu."

"Basi umeandika kina usichokiona. Tukifika, funga mizigo yako."

Soa hakulia. Alinigeukia. "Zoky," (ndivyo alivyoniita, kaka mkubwa) "waambie ulichota wapi."

Nikakiona cheti, nikamwona mama na majirani zake.

"Jikoni," nikasema.

"Jiko gani?" akauliza ofisa.

"La mpishi wetu. Maji ya bomba la gatini, chumvi ya mkebe. Yale ya chini nilitawadhia. Huyu binti aliandika kweli."

Fundi akakohoa. "Na udhu ulitimia?"

"Ulitimia, Fundi."

"Alhamdulillahi. Kimepatikana kimoja."

Chombo kizima kikaangua kicheko, na yule bibi akaupiga mtungi wake kofi: "Nimeamka alfajiri kufuata mchuzi wa huyu."

Mwalimu hakucheka. Alimrudishia Soa daftari, akamwomba radhi mbele ya wote, kisha akaniambia neno moja tu: "Lita moja ya bahari, gramu thelathini na tano za chumvi. Ondoka nalo hilo." Nikaondoka nalo. Mahajanga nilimkuta mama mlangoni. "Karibu, Daktari wa Mchuzi," akasema. Jina lilikwisha fika kabla yangu.

Miezi mitatu sikutoka ila kwenda kazini. Kisha nikaenda kuomba kazi kwenye mashamba ya chumvi, kwa kuwa kati ya vibarua wote mimi peke yangu nilijua lita moja inabeba nini, na huko nikapanda mpaka nikawa na ya kwangu. Soa alipata cheti chake, kwa haki.

Tangu siku ile sijaonja maji ili kuyapima, wala sijasema nimechota nisipochota. Leo nina nyumba ya mawe Mangarivotra, vyumba sita. Nina mashamba mawili ya chumvi, lori moja, puspus tatu, vigari vya kukokotwa na mtu, zinazobeba watu mjini, na kipimo cha kioo kinachoelea majini na kunisomea chumvi bila ulimi wangu kuhusika. Cheti sina.