Chupa Niliyoijaza Chemchemini

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Ulikuwa msimu wa kahawa milimani kwetu, juu ya Litembo, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja hadi mlangoni. Kila nyumba ilikimbilia kumenya kahawa, na maji ya maganda tukayaacha yateremke kijitoni. Nani angeuliza? Kahawa ndiyo iliyotusomesha.

Mwalimu wetu wa sayansi, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alimwagiza kila mwanafunzi alete chupa ya maji ya kijito, yatekwe chini ya nyumba yao. Chini ya kwetu maji yalikuwa meusi, yananuka kama pombe iliyochacha. Nikamwonea baba aibu. Nikapanda hadi chemchemini, nikajaza maji maangavu. Darasani nikasifiwa.

Jioni nilimsimulia baba, nikidhani atacheka.

"Nimekusitiri, baba."

Akaacha kugeuza kahawa kwenye kichanja. "Bibi yako kule bondeni anateka wapi maji?"

"Kijitoni."

"Na tumbo lake limepona?"

 Mwezi ule tulikuwa tumempeleka bibi hospitali mara mbili.

"Mimi nilisema ni uzee," baba akasema taratibu. "Kumbe mwalimu anatafuta chanzo, na wewe unamficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Asubuhi baba akaja darasani mwenyewe, kofia mkono mmoja, chupa ya maji meusi mkono wa pili.

"Shikamoo, mzee," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Chupa yetu ndiyo hii. Ile ya jana ilivaa nguo za Jumapili."

Darasa zima lilicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini wiki ile ile baba alichimba shimo la maji ya maganda, mbali na kijito. Majirani wakamtania, "Mzee anazika maji!" Kabla msimu haujaisha, wawili walikuja kuazima sururu yake. Bibi tukawa tunamtekea maji chemchemini.

Tangu hapo nimetangatanga sana, hadi Lituhi, ufukweni mwa ziwa; miguu yangu haijui kutulia. Kila nilipofika nimekuta mtu anateka maji chini ya mwenzake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifundishwa kupima maji na udongo, anza na ya kwenu. Ukikuta uchafu, useme, hata kama umetoka kwa baba yako. Kumpenda mtu si kumfichia. Mungu akupe macho makini na ulimi wa kweli, na walio juu yako wakuletee maji safi.