Ghorofa ya Fundi Cherehani

Katika uchochoro ule hakuna aliyejenga kwenda juu kabla ya kutundika mashuka. Ukitaka kuongeza ghorofa, unasimamisha miti juu ya paa, unaizungushia mashuka mpaka pale ukuta wako utakapokomea, kisha majirani wanakaa majumbani mwao na kuangalia jua limekwenda wapi. Anayepoteza mwanga ndiye mwenye kauli ya mwisho. Ofisa mmoja aliwahi kuja kuwaeleza kwamba huo si utaratibu. Wakampa kiti, wakamsikiliza mpaka mwisho, akaenda zake, nao wakaendelea na mashuka yao.

Aliyeishikilia kwa ukali desturi hiyo alikuwa fundi cherehani, mjane mwenye ulimi usio na breki. Ndiye aliyeikataa ghorofa ya muuza nyama, kwa sababu ingetia giza chumba chake cha kushonea. Muuza nyama alinuna mwaka mzima, na nyama aliyomkatia ikawa mifupa mitupu.

Sasa zamu ikawa yake. Mkwewe alikuwa mjamzito na nyumba haitoshi. Ama wapandishe chumba juu, ama mwanawe ahamie kwenye majengo mapya, upande wa pili wa mji. Fundi hakuwa na mtoto mwingine, na alikuwa ameshashona nguo za kichanga nyingi kuliko kichanga yeyote angeweza kuzivaa. Akapanda mwenyewe kutundika mashuka. Kivuli kikaangukia moja kwa moja kwa muuza nyama.

Kesho yake majirani wakakusanyika uani kwa muuza nyama, tayari kwa ugomvi. Wengine walikuja na viti.

"Mimi sioni kivuli," muuza nyama akasema. Nyuma yake, jikoni, mkewe alikuwa akichambua mchele kwa taa, saa sita mchana. "Jenga, dada. Mtoto asizaliwe mbali na bibi yake."

Watu wakapiga makofi. Mwana wa fundi akamkonyeza mama yake. Fundi akaitazama ile taa, akatamani kwa moyo wote izimike.

"Wifi," akamwita mke wa muuza nyama, "hiyo taa umeiwashia nini?"

"Mazoea tu, wifi."

"Mazoea ya tangu jana." Akamgeukia muuza nyama. "Kaka, asante sana, lakini kudanganya hujui. Shusheni mashuka."

Mwanawe hakumsemesha mpaka siku ya kuhama, alipokuwa akifunga mizigo barazani.

"Mama, utakuja kumwona mjukuu wako?"

"Nisije kwa nini? Ghorofa ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Dirisha linatazama wapi?"

Mwanawe akahangaika na fundo la kamba ambalo tayari lilikuwa limekaza.

"Ukuta wa jengo jingine," akasema. "Huko hawaulizi mtu, mama."

Fundi akakaa juu ya godoro lililosubiri kupakiwa, akalia mbele ya uchochoro mzima, na wapakiaji wakaanza na vyombo.